UTT, hatifungani, fiksi au kiwanja: hela ya uzeeni uiweke wapi

Naanza na hesabu manake hesabu ndo iliyonibadilisha mimi, maneno nilikuwa nayasikia miaka yote na hayakunigusa. Chukua laki moja kila mwezi, iwe inakua kwa asilimia 11 kwa mwaka na wewe hugusi. Baada ya miaka 25 inakuwa kama milioni 157. Laki moja hiyohiyo kwa miaka 15 inakuwa kama milioni 45 na nusu. Yaani aliyeanza na miaka 35 na aliyeanza na miaka 45, wote wakistaafu na 60, kilichotoka mfukoni kimetofautiana milioni 12 tu, lakini mwishoni wameachana kwa zaidi ya milioni 110. Hiyo asilimia 11 nimeichukua kama mfano, hakuna anayekuahidi, na ukikutana na anayekuahidi kwa uhakika ondoka hapo. Halafu toa na mfumuko wa bei: vitu vikipanda asilimia 4 kwa mwaka, hizo milioni 157 zitanunua vitu vya kama milioni 59 vya leo. Bado ni hela ya mtu kuzeeka nayo kwa heshima.

Sasa ndo maana swali la uiweke wapi mi silijibu kwa kuangalia nani anatoa riba kubwa. Naangalia vitu viwili. Kwanza, hii hela itaendelea kujizalisha yenyewe mwaka ambao nimebanwa, naumwa au akili yangu iko kwingine? Pili, ni rahisi kiasi gani kuichomoa ndugu akipiga simu saa tano usiku? Ukivishika hivyo viwili, mambo mengi yanajipanga yenyewe.

Mwajiriwa, anza na NSSF au PSSSF yako kabla hujaenda popote

Hii ndo mifuko ya pensheni ya hapa Tanzania, NSSF ya sekta binafsi na PSSSF ya watumishi wa umma. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, NSSF kwa kawaida nusu yako nusu ya mwajiri, PSSSF wewe 5 na mwajiri 15, kwahiyo ile ya mwajiri ni hela ambayo usingeipata kokote kule. Watu wanaisema vibaya hii mifuko na sababu zipo, fao la kujitoa (kuchukua michango yako ukiacha kazi) lilifutwa mwaka 2018 na kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia hesabu ya pensheni, kimeumiza watu, lakini tupige hesabu tuone inatoa nini hasa.

Kikokotoo cha tangu Julai 2022 kinaenda hivi: 1/580 mara miezi uliyochangia mara wastani wa mshahara wa mwaka wa miaka mitatu iliyo bora. Mtu aliyechangia miezi 360, yaani miaka 30, na mshahara wake ni milioni moja kwa mwezi, pensheni yake kamili kwa mwaka ni kama milioni 7 na laki 4 na nusu. Sehemu inageuzwa kuwa mkupuo, hela ya mara moja unapostaafu, kwa kuzidisha 12.5. Mwanzoni mkupuo uliwekwa asilimia 33, bajeti ya 2024 ikapandisha ikawa 40 kwa wale ambao zamani walikuwa wanapewa mkupuo wa asilimia 50, na 35 kwa waliokuwa wanapewa wa asilimia 25. Tuseme huyu wetu ni wa kundi la 35, mkupuo ni kama milioni 32 na laki 6, halafu kila mwezi anapokea kama 403,000 mpaka anafariki.

Angalia hapo. Alizoea milioni, sasa anaishi na laki nne. Pensheni haikumtupa, ile 403,000 ni nzuri sana kwasababu haiishi, ukiishi miaka 90 inakulipa mpaka 90 na hakuna uwekezaji mwingine kwenye orodha hii unaofanya hivyo. Ila haitoshi. Kilichobaki kwenye makala hii ni kuziba hilo pengo la laki sita.

Na jambo moja kabla hatujasonga: pensheni inataka uwe umechangia miezi 180. Angalia taarifa ya michango yako angalau mara mbili kwa mwaka. Kwenye salary slip makato yanaonekana vizuri tu, lakini kukatwa ni kitu kimoja na hela kufika kwenye mfuko ni kitu kingine. Mi nilifanya kazi sehemu moja (siitaji) nikakuta pengo la miezi saba, na nililiona mapema ndo maana lilizibwa. Ningesubiri siku ya kustaafu, ofisi yenyewe ingekuwa haipo.

UTT na hatifungani, hapa ndo kwenye mzozo wenyewe

Hizi mbili watu wanazilinganisha kama simba na yanga wakati kiasi kikubwa zinatoka sehemu moja. Ukiweka hela UTT, taasisi ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, wao wanachanganya ya kwako na ya wenzako wananunua hatifungani za serikali (yaani wanaikopesha serikali kwa riba), wanaweka kwenye mabenki, na kwa baadhi ya mifuko wananunua hisa za DSE, soko la hisa la Dar es Salaam. Kwahiyo swali ni ununue mwenyewe au ununuliwe ndani ya kapu.

Hatifungani kwanza. Benki Kuu inaendesha mnada, unahitaji kuanzia milioni 1 na kupanda kwa laki moja moja, unafungua akaunti ya CDS (ya kutunzia dhamana zako) kupitia benki yako au dalali wa soko la hisa, kisha unalipwa kuponi, yaani riba yako, kila miezi sita. Raha yake ni kwamba kiwango kinafungwa. Mwaka 2021 ilipotoka ya miaka 25 kwa mara ya kwanza, kuponi ilikuwa asilimia 15.95, na ya miaka 20 ilikuwa 15.49. Aprili 2022 zikashushwa, ya 25 ikawa 12.56 na ya 20 ikawa 12.10. Walioingia 2021 hawakuguswa, wanalipwa 15.95 yao hadi 2046, na hata wakitaka kuuza leo sokoni karatasi yao ina thamani kuliko mpya yenye kuponi ndogo. Ila hiyo kitu inakata pande zote mbili, viwango vipya vikipanda juu ya cha kwako na ukalazimika kuuza, utauza kwa hasara. Riba ya hizi za muda mrefu haikatwi kodi ya zuio, na benki nyingi zinaikubali hatifungani kama dhamana ya mkopo.

Sasa shida ambayo sioni watu wakiizungumza. Weka milioni 10 kwenye ya miaka 20 yenye kuponi ya 15.49. Kila miezi sita unapokea 774,500. Tamu. Lakini kiwango cha chini cha mnada ni milioni 1, kwahiyo hiyo kuponi peke yake haiwezi kurudi mnadani, inaingia kwenye akaunti yako ya kawaida ambayo ina kadi, ina simu, na ina Januari. Mwaka wa kwanza unasema ntaongezea. Mwaka wa pili imelipa ada. Mwaka wa tatu umeshaizoea ni sehemu ya mshahara. Baada ya miaka 20 unarudishiwa milioni 10 yako ileile, na kwa mfumuko wa asilimia 4 inanunua vitu vya kama milioni 4 na nusu vya siku ulipoiweka. Ulikuwa unakula uzee wako kidogo kidogo kila miezi sita bila kujua. Na hii asilimia 4 ni ya miaka iliyotulia, Desemba 2011 mfumuko wa bei Tanzania ulifika asilimia 19.8, mwenye kuponi ya 12 mwaka ule alikuwa anarudi nyuma huku amelipwa.

UTT inatatua hilo moja kwa moja na ndo sababu kwa mtu anayejenga (sio anayekula) mi naiweka mbele. Faida inabaki ndani, bei ya kipande (sehemu yako ndani ya mfuko) inapanda, huoni hela ikipita mkononi. Na unaingia na hela ndogo. Mfuko wao wa Ukwasi unaanza na laki moja kisha unaongeza kuanzia elfu kumi, mfuko wao unaoitwa Hatifungani unaanza na elfu hamsini kisha elfu tano. Fundi cherehani anaweza, mwendesha boda anaweza, hasubiri milioni ijae ndo aanze, manake tunajua milioni inayosubiri kujaa huwa haijai.

Lakini mifuko ya UTT haifanani na watu wanaichanganya sana:

Ukwasi ni wa hela ya karibu. Hauna ada ya kuingia wala kutoka, ukiomba hela inakuja ndani ya siku 3 za kazi. Mzuri kwa dharura, na kwa kukusanyia zile kuponi mpaka zifike milioni uzirudishe mnadani. Kwa uzeeni, wepesi wake huo huo ndo ubaya wake.

Hatifungani (mfuko, ulianza 2019) hela yake iko zaidi kwenye dhamana za serikali na za makampuni. Unaweza kuchagua gawio la kila mwezi ukiwa na milioni 10, la miezi sita ukiwa na milioni 5, au uache faida irudi ndani. Kijana chagua irudi ndani. Nimeona watu wa miaka 30 wana mshahara na wamechagua gawio la kila mwezi kwasababu tu inafurahisha kuona meseji.

Umoja ndo wa zamani kuliko yote, umeanza Mei 2005, na unachanganya hisa na dhamana, hisa zinaweza kufika nusu ya mfuko. Maana yake unayumba zaidi, kuna miaka utaona wenzako wa Ukwasi wamekupita, na ukitoka unakatwa asilimia 1. Ila kwa mtu mwenye miaka 20 au 25 mbele yake mi naupenda kuliko hao wawili, kwasababu hisa ni umiliki wa biashara, na biashara inapandisha bei zake vitu vinapopanda wakati kuponi haibadiliki. Ile siku 10 za kazi za kusubiri hela na ile asilimia 1 ya kutoka, hayo watu wanayoyaita usumbufu, kwangu ni ukuta. Mara mbili nimejaza fomu ya kutoa nikairudisha mfukoni kabla sijaiwasilisha.

Pia ujue hakuna mahali UTT wamekuhakikishia. Ipo chini ya serikali, inasimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, lakini bei ya kipande inaweza kushuka, na ada ya usimamizi inakatwa ndani ya mfuko kabla hujaona bei. Siku hizi kuna na mifuko mingine, Faida Fund ya Watumishi Housing, ya iTrust, na kadhalika, soma waraka wa toleo uangalie ada na hela inawekwa wapi, dakika 40 tu, hiyo ni hela ya miaka yako 30.

Kwa Waislamu ambao riba hawaigusi, hatifungani za kawaida na Ukwasi vinatoka kwenye orodha hapohapo. Kuna Imaan Fund ya iTrust iliyotengenezwa kwa misingi ya sharia, na Zanzibar ilitoa sukuk (hatifungani isiyo na riba) ya serikali mwaka 2025. Kwahiyo mtu asikwambie njia hazipo.

Fiksi dipoziti

Hapa nitapita haraka. Akaunti ya muda maalumu riba yake inakatwa kodi ya zuio asilimia 10, wakikwambia 10 unapata 9. Muda ukiisha inabidi uamue tena, na kila ukiamua tena ni nafasi ya kuitumia. Uzuri wake ni kwamba amana za benki zina kinga ya Bodi ya Bima ya Amana mpaka shilingi milioni 7.5, zamani ilikuwa milioni 1.5 ikapandishwa 2023. Ada ya shule ya mwakani iweke huku. Uzee hapana.

Kiwanja, na Hiace ya mzee wangu

Najua wengi wetu tumelelewa kwamba ardhi haiozi. Na kweli kuna watu ardhi imewatoa, aliyekuwa na viwanja Dodoma kabla ya Julai 2016, lilipotolewa tamko la serikali kuhamia kule, hana haja ya kunisikiliza mimi. Lakini kiwanja kitupu hakikulipi kitu, kinataka kodi ya pango la ardhi, kinataka mtu wa kukilinda, na siku unayohitaji hela ya hospitali huwezi kuuza mita tatu. Unauza chote kwa bei ya mwenye shida. Mi nilinunua upande wa Chanika kwa karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa tu, nikakaa miaka mitatu bila kwenda, nilipokwenda nikakuta msingi wa mtu mwingine umeshatoka ardhini. Aliyeniuzia alikuwa amewauzia wawili. Kesi ilichukua muda mrefu kuliko miaka niliyokaa na kiwanja chenyewe.

Ukitaka ardhi iwe sehemu ya uzee wako, iwe na hati, iwe mahali unapoweza kupita kila mwezi, na uwe na mpango wa kuifanya ilipe, vyumba vya kupangisha au shamba lenye mtu. Hapo sasa imekuwa biashara na biashara inakutaka wewe mwenyewe.

Na hilo ndo lilimmaliza mzee wangu. Alikuwa mwalimu, alistaafu akapokea mkupuo wake, wiki ya pili watu walishakuwa sebuleni na mawazo. Akanunua Hiace. Mzee ambaye hajawahi kuendesha gari, ana miaka 60, ana presha, anaamka saa kumi alfajiri kumfuatilia dereva na hesabu ya siku. Miaka miwili haikuisha, gari likawa juu ya mawe nyuma ya nyumba, kuku wanatagia ndani. Angeweka nusu tu kwenye hatifungani angekaa kibarazani anasoma gazeti na kuponi inaingia. Hakuna aliyemwambia, na mimi mwenyewe wakati ule nilikuwa sijui, naliona hilo kila nikimtazama.

Kwahiyo nani achukue nini

Uko kwenye ishirini au thelathini na una mshahara: NSSF yako iwe safi, dharura ya miezi mitatu Ukwasi, halafu kiasi kilichobaki chote Umoja kila mwezi kwa agizo la kudumu la benki, tarehe moja baada ya mshahara. Usiangalie bei. Wamarekani wameshalijaribu hili kwa muda mrefu, tangu kampuni ya uwekezaji ya Vanguard ya John Bogle ilipofungulia watu wa kawaida mfuko wa kufuata hisa za kampuni 500 kubwa za Marekani mwaka 1976, na kinachowasaidia ni kununua kila mwezi bila kubahatisha, kwa ada ndogo, na kukaa. Umoja sio mfuko wa aina hiyo na ada sio ndogo kama zao, lakini tabia tunaweza kuichukua bure.

Umejiajiri, kipato kinapanda na kushuka: usijifunge kwa kiasi kikubwa. Weka asilimia, sio shilingi. Kwa mfano kumi kwenye kila mia inayoingia, msimu mzuri itakuwa nyingi, msimu mbaya itakuwa elfu tano na hiyo elfu tano mfuko wa Hatifungani unaipokea. NSSF nao wanapokea wanachama waliojiajiri, na kwa sababu ile ya pensheni kutokuisha ningeingia hata kwa mchango mdogo.

Uko arobaini na kitu, umechelewa: usijaribu kulipizia kwa kukimbilia vitu vya faida kubwa ya haraka. DECI, ule upatu wa kitapeli, mwaka 2009 ilibeba watu wa umri huu hasa, wenye akiba na wenye haraka. Hapa changanya, nusu Umoja nusu mfuko wa Hatifungani, na kila bonasi, malimbikizo au marupurupu yapite kabla hayajafika nyumbani.

Umestaafu au umebakiza miaka miwili na mkupuo unakuja: sasa ndo zamu ya hatifungani za serikali mkononi mwako, manake sasa kuponi unataka kuila kweli. Milioni 30 kwa kuponi ya asilimia 12 ni milioni 1.8 kila miezi sita, sawa na laki tatu kwa mwezi, ongeza juu ya ile 403,000 ya pensheni ya yule mtu wetu na pengo limezibika nusu yake. Usiweke zote siku moja kwenye karatasi moja, gawanya, zinazolipa miezi tofauti, ili usikae miezi sita mizima unasubiri. Na zinazobaki kwenye mkupuo ziweke Ukwasi kwa ajili ya hospitali. Kwa miezi sita ya mwanzo usiongee na mtu yeyote kuhusu biashara.

Kitu cha mwisho, kinasahaulika kwenye zote. Kwenye fomu ya UTT, kwenye CDS, kwenye NSSF, kuna sehemu ya mrithi au mtegemezi. Shangazi yangu alihangaika karibu miaka miwili mahakamani kwa vipande vya marehemu mume wake kwasababu jina lililoandikwa lilikuwa la mama mkwe aliyeshafariki, fomu ilijazwa kabla hawajaoana na hakuna aliyeirudia. Mkeo au mumeo ajue namba za akaunti, ajue ziko wapi, na ukizaa, ukioa, ukiachana, nenda kaibadilishe wiki hiyohiyo.